Pesa ya Kesi na Mkono wa Kodi

Mtu wa Bungu akishinda kesi Korogwe mjini, habari humtangulia kupanda mlima. Kabla hajashuka kwenye gari, kitongoji kizima kinajua amepata milioni ngapi, na milioni zenyewe zimeshazaana njiani. Shemeji ana wazo la pikipiki. Mama mkubwa anakumbushia nauli za kwendea barazani, ambazo ni yeye aliyezitoa. Wakili hana haja ya kukumbushia, kwa kuwa ada yake iliandikwa tangu mwanzo. Mmoja tu husahaulika mpaka siku ya malipo, naye ni Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA.

Kuhusu huyo aliyesahaulika, watu wana imani mbili. Wapo wasemao pesa ya mahakama haiguswi na kodi, maana ni haki iliyorudishwa, si faida. Na wapo, hasa waliokwisha kuungua mara moja, wasemao serikali hukata tu, na ikikata tena hakuna wa kumuuliza. Wa kwanza hushtukizwa na deni. Wa pili hulipa mara mbili na kunyamaza, na hao ndio wanaonisikitisha zaidi, kwa sababu sheria iko upande wao na hawajui.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sura ya 332, inatambua mapato ya aina tatu: ya ajira, ya biashara na ya uwekezaji. Humo hamna aina ya nne iitwayo pesa ya kesi. Fidia inapoingia mkononi mwako, swali la kwanza la sheria si nani kakupa wala mahakama gani imeamuru, bali imekuja mahali pa kitu gani. Imekuja mahali pa mshahara? Basi ni mapato ya ajira. Imekuja mahali pa faida ya duka lililofungwa kimakosa? Ni mapato ya biashara. Fidia ni kama mrithi: hukalia kiti cha marehemu na kubeba madeni yake, lakini habebi madeni ya jirani. Ukishalielewa hilo, sehemu kubwa ya sura hii umeshaisoma.

Ugumu ni kwamba fidia moja mara nyingi imekuja mahali pa vitu vitatu vinne kwa mpigo, na aliyeandika hati ya makubaliano hakujali kuvitenganisha.

Chukua mfano wa kesi za kazi, kwa kuwa upande huu wa Tanga hazikosekani. Safu hii ya Usambara ina mashamba makubwa ya chai, Dindira na Ambangulu yakiwemo, na tambarare ya Korogwe imejaa katani. Penye mashamba makubwa na viwanda pana watu wanaoachishwa kazi, na miongoni mwao wamo wanaoachishwa isivyo halali. Mlalamikaji huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, iliyoundwa kwa sheria za kazi za mwaka 2004. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kama ilivyotungwa mwaka huo, iliweka fidia ya kuachishwa isivyo haki isiyopungua mishahara ya miezi 12.

Tumbuni basi fundi mmoja wa kiwanda cha chai, mshahara wake shilingi 400,000 kwa mwezi. Ameachishwa Novemba, kesi imeunguruma, na mwakani Agosti anapata tuzo ya miezi 12: shilingi 4,800,000. Tangu Januari mpaka siku hiyo hajapata kazi nyingine, amekuwa akilima migomba na iliki ya nyumbani.

Mhasibu wa kiwanda anafungua jedwali la kodi ya mshahara la kila mwezi, lile analolitumia siku zote. Kwa Tanzania Bara, mshahara usiozidi 270,000 hautozwi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na kila kinachozidi milioni ni asilimia 30. Anaichukua 4,800,000 yote kama mshahara wa mwezi mmoja wa Agosti. Milioni ya kwanza inazaa kodi ya 128,000, milioni 3.8 zilizobaki kwa asilimia 30 zinazaa 1,140,000. Jumla anakata 1,268,000. Fundi wetu anapokea 3,532,000 na kwenda moja kwa moja kuomba kukazia hukumu, akiamini mwajiri kamdhulumu kwa mara ya pili.

Mwajiri hajaiba, maana kukata ni wajibu wake. Ila amekosea jedwali. Kodi ya mtu binafsi ni ya mwaka. Makato ya kila mwezi ni namna tu ya kuikusanya kidogo kidogo. Kwa mwaka mzima, kiwango kisichotozwa ni 3,240,000, na kutoka hapo hadi 6,240,000 ni asilimia 8. Fundi huyu hakuwa na mshahara mwingine mwaka huo. Kodi anayodaiwa kihalali ni asilimia 8 ya 1,560,000, yaani shilingi 124,800. Kilichozidi ni 1,143,200, karibu mishahara mitatu ya mtu ambaye tayari alikuwa amekosa mshahara.

Watu husema huku ni kutozwa mara mbili. Kwa lugha ya sheria ni kutozwa kupita kiasi, lakini mfuko hauijui tofauti hiyo. Muhimu ni kwamba dawa ipo. Mtu ambaye kipato chake pekee ni mshahara uliokatwa kodi na mwajiri halazimiki kuwasilisha ritani, na ndiyo maana wengi wa aina hii hawana hata mazoea ya kuingia ofisi ya TRA. Lakini kutolazimika hakumnyimi haki ya kudai kilichozidi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inaruhusu kuomba marejesho ndani ya miaka mitatu tangu kodi ilipolipwa. Aende na tuzo ya CMA, slipu za mshahara, namba yake ya mlipakodi na uthibitisho wa kilichokatwa. Atazungushwa? Huenda. Marejesho ya kodi hayana sifa ya kukimbia popote duniani. Lakini milioni na ushee ni pesa ya kuvumilia foleni.

Bora kuliko marejesho ni kulizuia kosa kabla halijatokea. Mapato ya ajira ya mtu binafsi huhesabiwa katika mwaka aliopokea pesa, na kutokana na kanuni hiyo tarehe ya malipo ina uzito ambao watu hawaufikirii. Tuseme pande mbili zimekubaliana nje ya tuzo, kwa mishahara ya miezi 24, shilingi 9,600,000. Zikilipwa zote Desemba, kodi ya mwaka huo ni 936,000. Nusu ikilipwa Desemba na nusu Januari, kila mwaka unabeba 4,800,000 na kodi yake 124,800, jumla 249,600. Tofauti ni 686,400, na hakuna aliyedanganya mtu. Ila mwajiri anayeyumba anaweza kuwa amefilisika kabla ya Januari, kwa hiyo ukigawa malipo, nusu ya pili iwe na dhamana.

Sasa tuje kwenye kutozwa mara mbili kwa maana yake halisi. Huanzia kwenye ushahidi, mahali ambapo hakuna anayefikiria kodi. Fundi wetu wa 400,000 hukatwa mchango wa NSSF wa asilimia 10, yaani 40,000, na kodi ya 7,200, hivyo benki huingia 352,800. Anapokwenda kudai hana slipu za mshahara. Anachukua taarifa ya benki. Mwamuzi anaiona 352,800 kila mwisho wa mwezi, anaizidisha mara 12 na kuandika tuzo ya 4,233,600. Siku ya malipo mwajiri anakata kodi juu ya kiasi hicho. Kodi ilishatolewa kimyakimya wakati wa kuhesabu, na sasa inatolewa tena hadharani. Fundi hana wa kumlaumu kwa sababu kila mmoja kafanya kazi yake.

Waingereza waligongana na jambo hili zamani. Mwaka 1955 lilifika House of Lords, wakati huo ikiwa mahakama yao ya juu kabisa, katika shauri la British Transport Commission dhidi ya Gourley. Gourley alikuwa mhandisi aliyeumia kwenye ajali ya treni. Kwa kipato alichopoteza na atakachopoteza alikuwa amepewa pauni 37,720, hesabu iliyofanywa bila kuigusa kodi. Wakubwa hao wakasema: mtu huyu asingebaki na mapato yake yote, angebaki na kilichosalia baada ya kodi, na wakati ule kodi za wenye vipato vikubwa zilikuwa za kutisha. Wakaishusha fidia mpaka pauni 6,695. Mawakili wetu huikumbuka kesi hii kwa sababu ya huo ukubwa wa anguko. Mimi naikumbuka kwa sharti lililo chini yake: fidia ilikatwa kodi wakati wa kuhesabiwa kwa kuwa haikuwa itozwe tena mikononi mwa Gourley. Ni moja au nyingine. Ukihesabiwa kwa mshahara wa mkononi, pesa hiyo ikufikie nzima. Ukihesabiwa kwa mshahara kabla ya makato, kubali makato. Anayekuhesabia kwa kidogo kisha akakukata, amekula pande zote mbili.

Kwa hiyo peleka slipu za mshahara, si taarifa ya benki peke yake. Na ombi lako liseme wazi kiasi unachodai ni kabla ya kodi au baada ya kodi. Mstari mmoja unatosha, nami nashangaa kwamba hati nyingi za madai hazina mstari huo.

Mwajiri akishakata, kuna hatua nyingine ambapo pesa hupotelea. Anatakiwa kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha na kukupa cheti cha kodi iliyozuiwa. Wapo wanaokata na kukaa nayo. Miaka miwili baadaye afisa anaiona tuzo, anatafuta malipo kwenye mfumo, haoni kitu, na anakuandikia wewe. Hapo usikimbilie kulipa kwa hofu. Kodi iliyozuiwa kutoka kwenye malipo yako inahesabika umeilipa wewe, na deni la kuiwasilisha ni la aliyeizuia. Lakini jukumu la kuonyesha kwamba ilizuiwa liko kwako, na cheti ndiyo silaha. Barua kutoka kwa mwajiri inayosema tuzo ni kiasi hiki, kodi ni kiasi hiki, umelipwa kiasi hiki, nayo inafaa sana cheti kisipopatikana. Kinyume chake pia hutokea: mwajiri analipa yote bila kukata, kwa huruma au kwa uvivu. Usisherehekee mno. Akibanwa baadaye alipe kodi aliyoshindwa kuzuia, sheria inamruhusu kukurudia aidai kwako, na wakati huo pikipiki ya shemeji imeshanunuliwa na imeshagongwa.

Kwenye ada ya wakili sina habari njema. Marekani walilipigania jambo hili hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. John Banks, aliyekuwa mtumishi wa idara ya elimu ya California, alimaliza kesi yake ya kazi kwa dola 464,000, na wakili wake akachukua 150,000 kati ya hizo. Banks aliona alichopata ni kile kilichobaki. Januari 2005 mahakama ikaamua kwamba zote 464,000 ni mapato ya Banks, zikiwemo zile ambazo mkono wake haukuzigusa. Wakili naye, bila shaka, analipa kodi ya 150,000 zake. Bunge la nchi hiyo lilikuwa limetunga sheria Oktoba 2004 kuruhusu watu wenye kesi za ubaguzi na nyingine za aina hiyo kuondoa ada ya wakili kwenye mapato yao, lakini sheria ile haikurudi nyuma kumwokoa Banks.

Tanzania haina mlango huo kwa mfanyakazi. Gharama zinazopunguzwa kwenye mapato ni za biashara na uwekezaji. Mwenye mshahara hapunguzi nauli, hapunguzi wakili. Mwenye duka aliyeshitaki mteja wake sugu ataiweka ada ya wakili kwenye matumizi ya duka, fundi wa chai hataiweka popote. Naliona ni pengo lisilo la haki, na sioni kwa nini Sheria ya Fedha, inayobadilisha mambo kila Julai, isilizibe. Maadamu halijazibwa, njia ya mfanyakazi ni kupunguza ada yenyewe. Mbele ya CMA si lazima uwe na wakili; chama cha wafanyakazi kinaweza kukuwakilisha, na kwa watu wa mashambani chama hicho ni TPAWU. Aliyekuwa akilipa ada ya chama kila mwezi na kunung'unika, hapo ndipo anapoivuna.

Ardhi ina hesabu zake. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, limekatiza Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza, na neno fidia limekuwa la kila siku kwa watu ambao hawakuwahi kuingia mahakamani. Kanuni za mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi huivunja fidia katika mafungu: thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya pango ya miezi 36, na faida iliyopotea, nayo kwa miezi 36. Malipo yakichelewa kupita miezi 6, riba inaanza kuhesabika.

Fomu ya uthamini ina mafungu hayo, lakini benki huingia namba moja, na huko ndiko kosa lilikojificha. Kodi ya faida itokanayo na ardhi kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, si ya fedha yote iliyopokelewa. Tangu 2023 asiye na kumbukumbu za gharama anaweza kutozwa asilimia 3 ya thamani badala yake. Na wengi wa vijijini hawafiki hata hapo. Shamba la mtu binafsi lenye thamani ya chini ya shilingi milioni 10, lililolimwa walau miaka miwili kati ya mitatu ya mwisho, haliingii kwenye kodi hiyo. Nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi haiingii, ilimradi faida haizidi milioni 15. Mtu mwenye shamba la milioni 8 aliyelipwa milioni 11 pamoja na posho na riba, asipoonyesha mchanganuo, anaonekana amevuka mstari ambao hakuuvuka. Riba nayo isichanganywe na ardhi: ni mapato ya uwekezaji hata pale ardhi yenyewe haitozwi. Na fungu la faida iliyopotea, kwa mwenye kibanda cha biashara, litaingia kwenye hesabu za biashara mara moja tu. Nimewaona watu wakilitangaza kama fidia kisha wakaliandika tena kwenye daftari la mauzo kwa kuwa pesa ilipita dukani.

Anayenunua shamba jingine kwa fidia ya lile lililotwaliwa kwa lazima, na faida yake ilikuwa kubwa kiasi cha kutozwa, aulize mapema kuhusu kuahirisha kodi. Sheria inampa nafasi akipata mali mbadala ya aina ile ile ndani ya mwaka mmoja na kuomba kwa maandishi. Mwaka hupita haraka kwa mtu anayesubiri hati.

Majeraha ya mwili hayana maneno mengi. Aliyegongwa na basi barabara ya Segera akalipwa kwa maumivu na mguu uliopotea, pesa hiyo haijakalia kiti cha ajira, biashara wala uwekezaji. Ikiwa humo mna fungu la mishahara aliyoikosa, fungu hilo linafuata njia ya mshahara. Vivyo hivyo matunzo ya mtoto au ya mke yaliyoamriwa na mahakama: sheria imeyaweka wazi miongoni mwa yasiyotozwa.

Kwa hiyo kabla ya kusaini suluhu, mwambie wakili aandike kitu cha namna hii: kwamba shilingi kadhaa ni mishahara, kabla ya kodi, na mdaiwa atazuia kodi kwa viwango vya mwaka na kumkabidhi mdai cheti; kwamba shilingi kadhaa ni fidia ya jeraha; kwamba shilingi kadhaa ni riba; kwamba gharama za wakili mdaiwa atazilipa mwenyewe. Mafungu yawe ya kweli. Kuuita mshahara "maumivu ya moyo" ili kukwepa kodi ni kumwalika afisa asome jalada lote la kesi, na jalada limejaa madai yako ya mshahara kwa mwandiko wako mwenyewe.

TRA ikikuandikia makadirio usiyoyakubali, una siku 30 tangu kuyapokea kuweka pingamizi kwa Kamishna Mkuu. Pingamizi huambatana na kulipa kodi usiyobishania au theluthi moja ya iliyokadiriwa, lipi kubwa. Ila unaweza kuomba upunguziwe au usamehewe sharti hilo, ukitoa sababu. Usipoteze siku hizo ukibishana kwa simu. Nyaraka zote zitunzwe miaka mitano, na si juu ya dari ambako panya wa mlimani wamewahi kula hati za watu.

Na kesi zetu zinavyochukua muda, mdai hufa. Tuzo inatoka, jina lililoandikwa ni la marehemu, na msimamizi wa mirathi ndiye anayepokea. Mshahara unabaki kuwa mshahara na unatozwa kabla ya mgawo, mara moja. Mgawo anaopata kila mrithi baada ya hapo ni urithi, na urithi hautozwi kodi ya mapato, hivyo mtoto aliyeko Dar es Salaam hana cha kuongeza kwenye ritani yake. Msimamizi atakapopeleka hesabu za mirathi Mahakama ya Mwanzo, cheti cha kodi kiambatishwe hapo hapo, kabla mjomba hajasimama kwenye kikao cha ukoo kuuliza zile 124,800 zilikwenda wapi.